Sufuria la Wali Juu ya Manjukunnu

Sufuria? Ee, walipanda nalo mpaka kilele cha mlima Manjukunnu. Sasi alilibeba kichwani, limefungwa kwa kanga ya mama yake, wali na mchuzi wa boga ndani, na hakuna aliyeonja hata punje. Wangeonjaje, na mzee mwenyewe hajala?

Usinikatize, mjukuu wangu, nitasahau nilipofika.

Alfajiri ile walimwandalia nyumbani kwanza. Jani la mgomba, wali, ufuta mweusi kidogo, ndizi anayoipenda, vyote wakaviweka juu ya kisiki cha ule mwembe walioukata mwaka jana. Madhavi, mkewe, akalowesha mikono, akapiga makofi kumwita. Kimya. Akapiga tena. Wapi! Jua likapanda, wali ukakauka.

"Amegoma," Madhavi akasema. "Unamjua baba yako."

Na kweli, mzee Kunjiraman alikuwa bingwa wa kugoma. Kazi yake ilikuwa kupandisha wageni wa mjini mlimani, na mgeni akimjibu vibaya njiani, mzee anakaa juu ya jiwe, hainuki mpaka aombwe radhi. Sasa angeachaje kugoma kwa ajili ya binti yake? Shailaja aliolewa na kijana wa kanisani, si wa dini yetu, dereva wa lori la matofali. Sasi, kaka mtu, akamtupia nguo zake barabarani, akaapa: "Siku akikanyaga ua huu, mimi nahama." Hazikupita siku nyingi, mzee akawaachia nyumba.

"Kama hapa hataki," Madhavi akasema, "basi yuko kule juu. Beba sufuria."

"Mama, hujala toka jana. Na hilo goti lako linalia kuliko mlango wa zizi."

"Liache lilie. Wewe beba."

Kwenye lango la msitu mlinzi akawatazama, akalitazama jani la mgomba mkononi mwa Madhavi. Akavua kofia. "Mnampelekea mzee chakula?" Wakaitikia. Akafungua lango, hakudai kibali. "Mkimpata, mwambieni nami nimemsalimu."

Msitu wa chini ulikuwa umelowa, ruba wamejaa kwenye majani kama wanasubiri basi. Madhavi alikuwa na chumvi kwenye kitambaa, anawagusa, wanadondoka. Kila akisimama kupumua Sasi naye anasimama, na kila wakisimama, nyuma yao mwavuli mwekundu nao unasimama.

Shailaja. Alikuwa amewafuata toka barabarani.

"Mwambie arudi," Sasi akasema.

"Mwambie mwenyewe. Mdomo unao, na mkubwa."

Hakumwambia. Wakatoka msituni, wakaingia kwenye majani ya mlima, upepo unawavuta nguo. Juu kabisa kuna bamba la jiwe ambapo mzee alizoea kukalisha wageni wake waone bonde lote, mashamba ya kahawa na maji ya bwawa. Sasi akatandika jani hapo, akapakua wali, akapanga ndizi. Wakarudi nyuma, maana mzee hakupenda kutazamwa akila.

Madhavi akapiga makofi. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukafunika bonde lote. Hakuna aliyekuja.

"Baba!" Sasi akaita. "Paa nitaliezeka, mvua hii hii!"

Upepo tu.

"Baba, pombe nimeacha!"

Madhavi, na hali yake ile, akacheka. "Hilo hata mimi siliamini, sembuse yeye."

Halafu miguu ikamwishia. Akakaa chini kwenye majani, midomo imekuwa myeupe. Sasi akampa ndizi, mama akaisukuma.

"Kula, mama. Utaniangukia hapa."

"Mimi sili kabla yake. Toka niolewe sijawahi."

"Basi tushuke."

"Shuka wewe. Siwezi kumwacha na njaa mwaka mwingine."

Sasi akazunguka lile jiwe kama ng'ombe aliyefungwa. Akamtazama mama yake. Akatazama chini, msitu unapoishia. Ule mwavuli ulikuwa bado umesimama, unapigwa na upepo, umekunjuka nusu. Alijua anachotakiwa kusema, alikijua toka alfajiri.

"Shailaja!" Sauti ikakatika. Akaanza upya. "Shailaja, panda! Unasubiri nini huko, ruba wakumalize?"

Shailaja akapanda mbio, matope mpaka magotini. Akasimama mbali kidogo na kaka yake, hana hakika.

"Kesho uje nyumbani," Sasi akasema, anatazama pembeni. "Na huyo dereva wako umlete. Aegeshe lori nje, lisinivunjie ukuta."

Shailaja akamimina maji ya chupa mikononi, akasogea kwenye jiwe, akapiga makofi polepole.

"Baba," akasema, "nimekuja. Kaka ameniita mwenyewe, umesikia. Sasa kula, mama anaumia."

Akarudi nyuma.

Ndani ya ukungu kukasikika mabawa. Kunguru mmoja akatua pembeni ya jani, akageuza kichwa akamtazama Shailaja, kisha akadonoa wali, akadonoa tena.

"Amekula," Madhavi akasema, machozi yanamtiririka. Kwetu marehemu huja kula akiwa kunguru, na mwaka mzima ulikuwa umepita toka wauchome mwili wa mzee Kunjiraman kwa kuni za ule mwembe wa uani. Sasi akafungua sufuria, akampakulia dada yake kwanza, wakakaa chini wote, wakala.