Kitambaa cha Maua

Mshale wa joto wa lori ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, na rejeta ya kupoza injini ilikuwa mpya. Fundi alikuwa ameshatoa hewa kwenye mabomba, lakini wapi.

Pembeni, tajiri wa lori alikuwa akimgombeza dereva.

"Unaendesha kama unafukuzwa na nyuki. Injini itaacha kuchemka?"

"Tajiri, mimi hata mlima napanda polepole."

"Lete ufunguo. Madereva wamejaa."

Injini ilipopoa, fundi alifungua bomba la chini la rejeta, akaingiza vidole viwili. Viligusa kitu laini. Akavuta, na kitambaa cha maua mekundu kikatoka. Kilikuwa kipande cha shuka kuukuu la mkewe. Siku ya kufunga rejeta alikuwa amezibia bomba nacho, uchafu usiingie, kama anavyofanya siku zote, ila safari hii akasahau kukitoa. Maji yalipokivuta kiliziba, yalipolegea kikaachia.

Hakuna aliyemwona. Alikifumbata mpaka kikaenea ndani ya ngumi.

"Umeona nini huko, fundi?" tajiri aliuliza, ufunguo ukiwa tayari mkononi mwake.

Dereva alikuwa akishusha kandambili zake na mto wake kutoka kwenye lori.

Maji yalianza kumchuruzika fundi kati ya vidole. Akafungua ngumi.