Safu ya Mwisho

Kila nyumba ilitunza kila neno lililosemwa ndani yake, na ya Mwanaidi ilikuwa na miaka sitini ya maneno. Leo mtoto wake, Sauda, alitimiza siku arobaini. Wageni walijaa ukumbini, pilau limeiva, lakini wimbo wa kubembelezea wa marehemu bibi yake Mwanaidi hakuna aliyeukumbuka zaidi ya mstari wa kwanza.

Shekue, mumewe, alihangaika tangu asubuhi na ukuta ambao nyumba ilionyeshea maneno hayo kwa safu. "Nimeiambia nyumba ipange miaka yote, ibakize safu ya maneno tu, halafu imtafute bibi."

"Sasa itamtafutaje, baba Sauda, na safu ya majina umeshaiondoa?" Mwanaidi alicheka. "Tena umeitwisha miaka sitini kwa mpigo. Anza na bibi, halafu mwezi niliozaliwa, aliponiimbia. Kupanga na kuchagua safu ni mwisho kabisa."

Akaiagiza nyumba mwenyewe, na hata kanga hajaifunga vizuri, wimbo ukatokea ukutani, beti zote tatu. Shangazi zake wakapiga vigelegele.

Kwa furaha Mwanaidi alisahau kuchagua safu, hivyo ukuta ukaonyesha zote: saa, msemaji, maneno, na moja ya mwisho ambayo hajawahi kuiona. Aliyesikiliza: nyumba. Mara elfu tisa.

Ukumbi mzima ukaimba pamoja na ukuta. Walipomaliza ubeti wa tatu wakanyamaza, ila ukuta ukaendelea na wa nne, kwa sauti ya bibi, na ndani yake mlikuwa na jina la Sauda.

Mtoto akatabasamu, kwa mara ya kwanza, akiutazama ukuta.