Mama Kanga na Maji ya Mtoni

Zamani, wanyama walipokaa mjini ndani ya ukuta, mto mmoja uliwanywesha wote. Fisi mchinjaji alitupa damu na matumbo humo, katikati ya mji. Liwali Nyati na wazee wa baraza walikaa juu, penye maji safi. Mama Kanga alikaa chini, na vifaranga wake walikufa kwa kuhara, mmoja baada ya mwingine.

Kila baraza lilipokutana, alikwenda kuomba Fisi ahamishiwe nje ya ukuta, upande wa chini, mto unakouacha mji.

"Tutalitazama, mama," Liwali alijibu. "Haraka haraka haina baraka."

Alipomzika kifaranga wa mwisho, Mama Kanga hakuomba tena. Aliwaita wakubwa matangani, akawapa mtama wa kukaanga wenye chumvi nyingi. Kiu ilipowashika, akawawekea mtungi. Nyati akachota kata, akanusa, akairudisha.

"Maji haya umeyatoa wapi?"

"Mtoni, bwana. Ndiyo tunayokunywa sisi. Karibuni."

Hakuna aliyekunywa. Kabla jua halijatua, Fisi alikuwa amekwishahamishwa.

Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Njiwa, jirani yake, akamuuliza, "Mbona wewe umenyamaza?"

"Nimechoka, mwenzangu," akasema Mama Kanga. "Wangu hawakuwahi kuyaonja maji safi. Wanyweshe wako."

Akaingia ndani, akalala.