Niko Salama, Mama

"Hicho cha ramani kirudishe kabatini," mama alimwambia muuza duka, utadhani ndiye anayekwenda milimani. "Mimi nishinde natazama nukta inatambaa kwenye simu? Moyo utanipasuka kabla hajafika kilima cha kwanza."

Mwanawe alicheka. Nyumbani walimwita Kiguu na Njia, maana tangu ajue kutembea hakuna aliyewahi kumkuta pale alipomwacha. Safari hii alikuwa anakwenda wiki mbili, peke yake, kwenye njia aliyokwishaipita mara nyingi, ila simu huko hazishiki mtandao. Mkewe alisimama pembeni, ameshika mkoba wa mama mkwe wenye dawa za presha.

Muuza duka akatoa kidude cha rangi ya chungwa, ukubwa wa kiberiti, chenye kitufe kimoja tu.

"Hiki hakina mambo mengi. Tunakiwekea ujumbe mmoja hapa hapa dukani, basi, ni huo huo safari nzima. Akifika kambini anakibana kwa nguvu mpaka kitetemeke, nawe mama unapata. Ila lazima kiwe nje, kione anga. Chini ya paa hakifanyi kazi."

"Hicho ndicho," mama alisema.

Wakabishana juu ya maneno. Mwana alitaka waandike "Bado sijaliwa na fisi." Mama akamtolea macho, na mambo yakaishia hapo: *Nimefika kambini. Niko salama. Usiku mwema, mama.* Kwa shajara yake mwana akachukua kinasa sauti kidogo, kwa kuwa mwandiko wake hata mwenyewe ulimshinda kuusoma.

Mlangoni mama akamshika mkono. "Nisikilize wewe. Jioni moja tu ipite kimya, moja, nawaamsha waokoaji wote. Sisubiri kuche."

"Nakujua, mama. Utaamsha hata waliokufa."

Mke peke yake hakucheka. Safari iliyopita simu ya mumewe ilizimika njiani, na mama akaanguka sebuleni, akalazwa. Daktari alimvuta mke kando, akamwambia wazi kwamba mshtuko mwingine kama ule hautamwacha mama mzima.

Kiguu na Njia aliondoka asubuhi kwa pupa yake ya siku zote, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kaka yake akimpigia honi nje ampeleke mwanzo wa njia.

Jioni ile mama alikaa sebuleni, simu mapajani. Jua likazama, simu kimya. Mke aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena.

"Mbona hasemi?" mama aliuliza, mkono kifuani, pumzi fupi fupi. "Mkwe wangu, niitie waokoaji."

"Tulia, mama. Bado anapanda. Ngoja nimwage maji ya vyombo, nikirudi nakupima presha."

Alikuwa bado uani simu ilipolia. Mama alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia.

Ikawa hivyo kila jioni. Mama akala, akalala, hata mzaha ukamrudia. "Mwanangu ana adabu," alisema. "Hatumi mpaka mkewe amalize vyombo." Lakini mke alikuwa anakonda, na mama akamsuta kwa upendo: "Mume kila siku salama, nawe wazidi kuisha! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, au umenipokonya?"

"Nimemkumbuka tu, mama."

Siku ya kurudi, kaka mtu alimngoja mwisho wa njia mpaka giza. Hakutokea mtu. Akaenda moja kwa moja kwa waokoaji.

Hawakumkuta mwisho wa njia. Walimkuta karibu na mwanzo wake, chini ya genge, mguu umevunjika. Daktari aliyeutazama mwili alisema ulikuwa umekaa pale zaidi ya wiki.

"Haiwezekani," mama alisema. Hakuanguka. Alinyoosha simu. "Juzi ameniaga. Hii hapa, someni wenyewe."

Walisoma, wakatazamana. Bibi mmoja jirani akasema roho nyingine hazikubali kuondoka kabla ya kumtuliza mzazi. Mama akaling'ang'ania neno hilo. Kila aliyekuja kutoa pole alionyeshwa simu: mwanangu alinitakia usiku mwema hata akiwa maiti. Watu walisisimka, wengine wakalia. Mke aliosha vyombo vya wageni kutwa, na aproni hakuivua hata makaburini.

Walipozika na wageni kutawanyika, kaka mtu alileta kinasa sauti. Waokoaji walikikuta kifuani mwa marehemu. Wakaketi uani, watatu.

"Si leo, mama," mke alisema. "Nakusihi."

"Ni sauti ya mwanangu hiyo. Washa."

Kwanza ulisikika upepo. Kisha akaja yeye, sauti nyonge, lakini kicheko chake kile kile.

"Siku ya pili. Nimeteleza, mguu hauinuki. Na kile kidude nimekisahau dirishani jikoni, mjinga mimi. Ila maji ninayo ya kutosha, na wala sina hofu. Jana sikutuma, leo situmi. Namjua mama. Saa hizi keshawaamsha wote, wako njiani wanakuja. Kazi yangu ni kungoja tu."

Mke alikuwa ameutia mkono mfukoni mwa aproni. Alikunja ngumi, akabana kwa nguvu zake zote.

Mapajani mwa mama, simu ikalia. *Nimefika kambini. Niko salama. Usiku mwema, mama.*