Moshi wa Kizingitini

Jumatatu iliyofuata arobaini ya mkewe, Mzee Chambuso alitumbukia kwenye mtaro ambao wakubwa wa mji waliufukua, wakapeana mikono, wakauacha wazi. Mguu ukavunjika chini ya kifundo. Plasta imeshabadilishwa mara mbili na mfupa bado haujaunga.

Leo nesi Zamoyoni alimkuta amejikokota hadi kizingitini, sigara mdomoni. Marehemu hakutaka moshi ndani ya nyumba, na katazo lake lilikuwa bado sheria.

"Mzee, moshi huo unabana mishipa. Damu isipofika, mfupa utaungaje? Mwisho wake watakukata mguu."

"Wao wafukue, kosa liwe la sigara yangu!"

"Mtaro ulikuvunja mara moja, baba. Sigara inakuvunja kila siku."

Mzee akacheka kicheko kikavu. "Haya. Naitupa, mguu unapona, nasimama." Akageuka kutazama kitanda ndani, kimevurugika upande mmoja tu.

Jivu la moto likadondokea vidole vilivyochungulia kwenye plasta. Havikushtuka.

"Halafu, mwanangu, nitembee kwenda kwa nani?"