Jumamosi za Mzee Kornelio

Karatasi ya tatu ilitoka na kosa lile lile. Yasmini aliichomoa kwenye printa, akaitazama, akaikunjakunja na kuitupa.

"Neno limeliwa tena," alisema Mzee Kornelio, aliyesimama nyuma yake.

"Nimeona, mzee."

Kijiduka cha Yasmini, pale Temeke, kilikuwa na kompyuta moja na simu moja. Mwaka ule wa 1996 nyumba zenye simu zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikuja kwake kupokea simu kwa miadi. Kila mwisho wa mwezi aliwachapia kalenda ya mwezi unaofuata, yenye siku na saa ya kila mmoja. Mteja aliituma kwa ndugu atakayempigia.

Tatizo lilikuwa programu. Visanduku vya siku vilikuwa vyembamba. Yasmini aliandika "8:00 asubuhi" kwenye Jumamosi zote za Julai. Kwenye kioo neno lilionekana, kwenye karatasi halikuwemo. Alipopunguza ukubwa wa herufi, kompyuta iliganda. Alipoanza upya, umeme ulikatika. Uliporudi, kazi yote ilikuwa imepotea; akaandika na kuchapa upya, na neno bado halikuwemo.

"Basi niandike 'asubuhi' kwa kalamu," alisema, akimeza hasira.

"Hapana! Usinichafulie. Nane ya mashine ni saa mbili asubuhi, nani asiyejua?"

Zamani mzee mwenyewe hakujua. Alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, na saa zake zilikuwa adhana ya msikiti jirani na king'ora cha kiwanda. Mwanawe Valerian alipokataa kushika tezo, akaenda Mwanza kuwa karani wa kampuni ya malori, mzee alimwambia asirudi tena. Nyumba ilipokuwa kimya mno, mzee alijiandikisha darasa la jioni. Alikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao, mpaka akaweza kusoma gazeti na kusoma saa. Sasa, baada ya miaka sita, Valerian alikuwa amemtuma dereva na ujumbe: baba ataje siku na saa, naye atapiga simu wapatane.

"Mwanangu ni mtu wa ofisini," mzee alisema, akiipepea karatasi wino ukauke. "Aone kwamba hata baba yake anazijua saa za ofisini."

Kwenye benchi Bi Mwajabu alicheka. "Mchonga vinyago na kompyuta, wapi na wapi!"

"Na wewe umefuata nini hapa, ubuyu?"

"Nimefuata saa nane yangu ya mchana, bwana. Kila Jumamosi. Shamimu wangu akinipigia kutoka Tanga, siachii simu mpaka sikio liume."

"Na wenzako foleni," Yasmini alinong'ona.

Mzee hakuwa na nafasi ya kukosea. Alikuwa amekwisha kumwambia mwenye nyumba kwamba anakirudisha chumba mwisho wa mwezi. Jumamosi ya mwisho ya Julai, saa sita mchana, lori lingempeleka kijijini kwao akamalizie uzee. Kijijini hapakuwa na simu, na hakutaka kuondoka na kinyongo kile kifuani.

Jumamosi ya kwanza alifika mapema, shati limepigwa pasi. Simu haikulia. Saa tatu alimpisha mteja mwingine.

Jumamosi ya pili Yasmini aliinua mkono wa simu kuhakikisha ni nzima. Ilikuwa nzima.

Jumamosi ya tatu mzee aliuliza, "Binti, ni leo kweli?" Akaenda mwenyewe kuitazama nakala ya kalenda iliyobandikwa ukutani, kidole juu ya tarehe.

Yasmini alianza kumchukia kijana ambaye hakuwahi kumwona. Mchana Bi Mwajabu alipokuwa akipiga kelele kwenye simu, bei ya nazi, nani kaachika, nani kanenepa, alitamani kumnyang'anya. Wengine wanazo simu za kuchezea, na yule mzee hapati hata salamu!

Jumamosi ya nne mzee alikuja na sanduku lake la bati. Alikaa nalo miguuni, macho kwenye simu. Saa tatu alisimama.

"Nikuchapie ya Agosti, mzee? Huenda—"

"Usisumbuke, mwanangu. Anayetaka kupiga hupiga."

Alimpa mkono, akabeba sanduku, akaenda kwenye lori.

Saa nane mchana Bi Mwajabu hakutokea. Shamimu mwenyewe alikuwa amekuja na basi la asubuhi, wako nyumbani wanapika. Simu ikalia.

"Shikamoo, dada. Naitwa Valerian, napiga kutoka Mwanza. Namwomba Mzee Kornelio."

Yasmini alisahau kuitikia. "Saa hizi? Mzee kakaa kwenye benchi hili Jumamosi nne, wewe kimya! Lori lake limeondoka saa sita!"

"Dada, mie nimepiga Jumamosi zote," sauti ilisema taratibu. "Kila nikipiga nakuta inatumika. Karatasi imeandika nane. Sie wa ofisini hiyo ni saa mbili asubuhi, lakini baba yangu hajui saa za Kizungu. Nikasema nisimpe taabu mzee wa watu, nane kwake ni saa nane."