Shukrani Ndefu

Jumuiya ilisali kwetu Kimwani Jumamosi ile. Bibi alikuwa ametandaza sebuleni nyasi mpya alizokata malishoni asubuhi, na wote tulikaa juu yake, kila mmoja akimshukuru Mungu kwa zamu. Macho walifumba wenzangu. Mimi huwa natazama nani anasinzia.

Ndiyo maana niliona nyoka mweusi akitoka kwenye nyasi. Alipanda juu ya mguu wa Bibi, akatulia hapo, anang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Bibi hakushtuka. Mguu ule una ganzi tangu aanze kuugua sukari.

"Rutaihwa, umebaki wewe," alisema, macho bado kafumba. "Na leo usituletee utani wako. Ukimaliza tunasimama kuimba."

Kusimama, na nyoka yuko mguuni pake!

"Asante Mungu," nilianza, "kwa jumuiya hii inayojua kukaa bila kutikisika."

Mtu akacheka puani.

"Asante kwa kahawa iliyozaa. Kwa mvua. Kwa ndama aliyepona." Nyoka hakuondoka. "Kwa Bibi, aliyenichukua Mama alipofariki, akanibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikaburuza chini."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikuwa natania tena.

Mabega ya Bibi yakaanza kutetemeka.

"Bibi, usilie. Nakuomba, usilie."

Nyoka akainua kichwa. Nikaendelea kushukuru, polepole, na ajabu ni kwamba sikuishiwa.